Usiniandikie Kifo, Niandikie Waliobaki

Kuna jibu ambalo mtahini yeyote wa Karatasi ya Tatu amelisoma mara nyingi mno. Swali limeuliza kuhusu maudhui. Mtahiniwa anaandika kichwa kidogo, "Kifo", anakipigia mstari, kisha anaanza kuhesabu: fulani anakufa, fulani pia anakufa, na fulani naye anafariki katika sura ya tatu. Anapofika kwa maiti ya nne anaamini amemaliza. Msahihishaji anatafuta hoja katika orodha hiyo na haioni, kwa maana kutaja kwamba mtu amekufa ni kusimulia, na kusimulia hakujawahi kutuzwa kama uchambuzi.

Msimamo wangu ni huu: katika kazi nyingi za fasihi kifo ni tukio tu. Maudhui huanza pale viti vya kukodi vinaporudishwa, hema linapokunjwa, na watu wa nyumbani wanapobaki kutazamana. Ukielewa tofauti hiyo utaandika vizuri kuhusu riwaya yoyote, tamthilia yoyote na hadithi fupi yoyote utakayowekewa mbele, na nadhani utaelewa pia mambo fulani yasiyo na alama.

Ili nikuonyeshe, nitaacha kando vitabu teule kwa muda na kutumia kazi ambayo hutatahiniwa. Nafanya hivyo kwa makusudi. Kitabu teule unakisoma ukiwa na hofu, unakariri majina. Kazi hii wengi wenu mmeitazama kwenye simu wakati wa likizo, bila daftari, na mkalia bila kuambiwa na mwalimu kwamba kuna taswira hapo. Ni tamthilia ya vibonzo ya Kijapani inayojulikana kwa kifupi kama Anohana. Jina lake kamili ni refu, na maana yake ni kwamba bado hatujui jina la ua tuliloliona siku ile. Ilianza kuonyeshwa kwenye televisheni ya Japani mwezi wa Aprili 2011, ikaisha Juni, vipindi 11 tu. Iliongozwa na Tatsuyuki Nagai na kuandikwa na Mari Okada.

Kumbuka tarehe hiyo. Machi 11 mwaka huohuo tetemeko la ardhi na tsunami viliua maelfu ya watu kaskazini mashariki mwa Japani. Tamthilia haikuandikwa kwa ajili ya msiba huo, kwa hivyo usije ukaniandikia kwamba mwandishi aliathiriwa nao. Lakini hadhira iliyoketi kuitazama ilikuwa na makaburi mapya. Unapojadili mapokezi ya kazi yoyote, jiulize wasomaji wake wa kwanza walikuwa wametoka wapi siku hiyo.

Kisa chenyewe ni chepesi kueleza. Watoto sita wa mji wa Chichibu, mkoa wa Saitama, mji uliozungukwa na milima, walikuwa marafiki wa chanda na pete. Walikuwa na kikundi chenye jina la majigambo, na kibanda msituni walichokiita makao yao ya siri. Kiongozi wao alikuwa mvulana aitwaye Jinta. Siku moja ya kiangazi mmoja wao, msichana wanayemwita Menma, aliteleza akaangukia mtoni na kufa. Kikundi kikavunjika. Hadithi inaanza miaka kadhaa baadaye, walipofika umri wenu. Jinta amefeli mtihani wa kuingia shule nzuri, ameacha kwenda hata ile hafifu aliyoipata, anashinda chumbani akicheza michezo ya video. Menma anamtokea humo chumbani. Ni yeye peke yake anayemwona. Anasema ana ombi moja ambalo lazima litimizwe ili aondoke kwa amani, ila hakumbuki ni ombi gani.

Mwanafunzi mvivu atasema hii ni hadithi ya mzuka. Sivyo. Mzuka mwenyewe ndiye mhusika aliye mchangamfu kuliko wote. Anacheka, anakula, anataka kupika, anawaulizia wenzake. Wanaotembea kama wafu ni wale watano walio hai. Hicho ndicho kinaya kikuu cha kazi nzima, na ukikiona mapema kila kitu kingine kitajipanga.

Watazame mmoja baada ya mwingine, lakini usiwaandikie sifa moja kwa wote. "Wana huzuni" halitoshi. Huzuni ni neno la jumla kama vile "chakula". Mimi nataka kujua ni ugali au ni wali. Jinta anajifungia. Naruko, ambaye wenzake walimpa jina Anaru, amejipaka rangi za ujana na kujiunga na wasichana asiowapenda kwa dhati, na anamkataza Jinta kumwita kwa lile jina la utotoni. Hapo una lakabu ikifanya kazi yake. Majina ya utani katika tamthilia hii ni mlango wa wakati uliopita, na anayekataa kuitwa kwa jina lake la zamani anaufunga mlango huo. Tetsudo, Poppo kwa wenzake, hakuendelea na sekondari. Anafanya vibarua, anasafiri nchi za mbali, kisha anarudi kulala katika kibanda kilekile cha utotoni. Mtazamaji humchukulia kama mchekeshaji hadi kipindi cha mwisho. Usiwadharau wachekeshaji katika fasihi. Mara nyingi ndio waliofichwa jambo zito. Tsuruko ni mkimya, mwenye miwani na akili kali, na ukimya wake watu huudhani kuwa utulivu.

Halafu kuna Atsumu, yaani Yukiatsu. Huyu ningemtungia swali la alama 20 peke yake. Ndiye aliyefaulu. Yumo katika shule bora, ni mtanashati, anamdharau Jinta waziwazi kwa kushindwa kuendelea na maisha. Ungemweka mbele ya walimu wakuu wowote kumi, tisa wangesema huyu kijana amepona. Kisha tunagundua kwamba usiku huenda msituni amevaa wigi na gauni kama la Menma. Watazamaji wengine hucheka hapo. Mimi naona ni tukio la kutisha na la kusikitisha kuliko mengine yote katika kazi hii, kwa sababu linavunja dhana ambayo sisi watu wazima tunaipenda sana, kwamba mwenye matokeo mazuri hana tatizo. Jinta aliyeanguka masomoni na Yukiatsu aliyefaulu wanaumwa ugonjwa mmoja. Tofauti ni mahali wanapouficha.

Sasa rudi kwenye siku ya ajali, maana mwandishi anaturudisha huko mara kwa mara kwa mbinu rejeshi, kila mara akituongezea kipande. Naruko alimuuliza Jinta mbele ya wote kama anampenda Menma. Jinta kwa aibu ya kitoto akajibu kwamba nani angempenda msichana mbaya kama yule, kisha akatimua mbio. Menma alitabasamu. Jinta alikusudia kumwomba msamaha kesho yake. Kesho haikuwepo. Yukiatsu naye siku hiyohiyo alimwambia Menma kwamba yeye anampenda na akataka kumpa kibanio cha nywele. Menma hakukipokea, akaenda kumtafuta Jinta. Kwa hiyo Jinta anaamini kwamba aliua kwa neno lake. Naruko anaamini aliua kwa swali lake, na zaidi ya hapo kuna siri inayomwaibisha: Jinta alipomkana Menma, yeye alifurahi. Yukiatsu anaamini kwamba laiti asingemsimamisha Menma njiani mambo yangekuwa mengine.

Umeona alichofanya mwandishi? Ajali moja, lakini kila mtoto ana kesi yake ambamo yeye ndiye mshtakiwa, shahidi na hakimu. Na hakuna aliyemwambia mwenzake. Miaka yote hiyo kila mmoja alidhani ni yeye peke yake. Kikundi hakikuvunjwa na kifo. Kilivunjwa na siri. Hiyo ndiyo hoja ninayotaka mtahiniwa aifikie, na ukiifikia, msahihishaji ataona tofauti kati ya karatasi yako na ya jirani yako kabla hajamaliza aya ya kwanza.

Linganisha majibu mawili. La kwanza: "Majonzi yanajitokeza. Jinta ana majonzi kwa sababu Menma alikufa." La pili: "Majonzi yanachanganyika na hatia. Jinta anashindwa kuomboleza kwa sababu anajiona kuwa chanzo cha kifo cha Menma. Alimwita mbaya mbele ya wenzao na hakupata nafasi ya kumwomba msamaha, ndipo anajitenga chumbani na kuacha shule." Jibu la pili lina dai, lina sababu, lina ushahidi kutoka kwenye kazi na lina matokeo. Halina maneno makubwa. Sikuombi maneno makubwa.

Nisimame kidogo kwa mama. Anaitwa Irene. Wanafunzi wengi humsahau kwa kuwa si kijana na hayumo kikundini, na hilo ni kosa la kiusomaji. Marafiki wanapokwenda kwao wakitaka kuwarushia Menma fataki, maana wanaamini hilo ndilo ombi lake, anawapokea kwa adabu mwanzoni, kisha siku nyingine analipuka. Anachowalaumu si kwamba walimwacha mwanawe afe. Anawalaumu kwa kukua. Wao wamerefuka, wamebadilika sauti, na binti yake amebaki palepale. Ni lawama isiyo ya haki hata kidogo, na ni ya kweli kabisa. Ukiulizwa uhusika wa mama kama huyu usimwandikie "katili" wala "mwenye chuki" ukaondoka. Sifa hutolewa pamoja na kilichoizaa. Waliowatangulia walisoma Chozi la Heri ya Assumpta Matei, na wanamkumbuka Ridhaa amesimama mbele ya magofu ya nyumba iliyoteketea na jamaa zake. Waliofaulu katika swali lile waliona kile ambacho Ridhaa hakuweza kukisema mbele ya majivu. Wasiofaulu walihesabu waliokufa.

Turudi kwa fataki. Chichibu kuna desturi ya kutengeneza roketi kubwa za fataki kwa mikono na kuzirusha wakati wa tamasha, na Okada, ambaye ni mzaliwa wa huko, ameitumia kama mwenyeji anavyotumia kitu cha nyumbani bila kukieleza sana. Okada mwenyewe alipokuwa mtoto alikaa nyumbani miaka mingi bila kwenda shule, na ameandika kitabu cha maisha yake kuhusu hilo. Kwa hiyo chumba cha Jinta si mapambo. Ameandika kuta anazozijua. Roketi ni ghali, na Jinta ambaye hakuweza kutoka nje ya mlango sasa anafanya kazi mchana dukani na usiku kwenye mjengo ili apate pesa. Hapo kuna ukuaji wa mhusika, na uone kwamba haukuletwa na mawaidha ya mtu. Baba yake hamhubirii hata mara moja.

Roketi inarushwa. Inapasuka vizuri angani. Na Menma hapotei.

Hapa ndipo kazi hii inapojitofautisha na nyingi za aina yake. Mwandishi wa kawaida angemalizia kwenye fataki. Badala yake watano hao wanakutana usiku na kulazimika kuulizana kwa nini walitaka Menma aondoke. Majibu yanatia aibu. Yukiatsu hakuvumilia kwamba Menma alionekana na Jinta peke yake. Naruko alitaka Jinta abaki huru. Tsuruko alikuwa na wivu wake wa muda mrefu, kwa ajili ya Yukiatsu. Jinta, kinyume chao, hakutaka aende hata kidogo. Na Poppo, yule mchekeshaji, anakiri akilia kwamba siku ile alimwona Menma akichukuliwa na maji na hakuweza kufanya lolote. Ndiyo maana husafiri kila mahali na bado hulala palepale. Walidhani wanafanya tendo la upendo. Walikuwa wakijitafutia nafuu pia. Mtahiniwa mzuri hataandika kwamba kwa hiyo upendo wao ulikuwa wa uongo. Ataandika kwamba nia zao zimechanganyika, na kwamba kukiri mchanganyiko huo ndiko kunakowarudisha pamoja.

Nina ugomvi kidogo na kipindi cha mwisho. Ombi halisi la Menma linafichuka: alimwahidi mama yake Jinta, aliyekuwa mgonjwa hospitalini, kwamba atamliza Jinta, kwa maana mvulana huyo alikuwa akijikaza asilie mbele ya mama anayekufa. Hilo ni wazo zuri ajabu. Kuna mama anayeomba mwanawe alizwe. Lakini baada yake yanafuata machozi mengi mno, kila mtu anapaza sauti, barua zinasomwa, na hatimaye wanacheza ule mchezo wa kujificha ambao watoto wetu huuita brikicho, wakimtafuta Menma ambaye mwishowe wote wanamwona. Mwandishi alishatufikisha, hakuhitaji kutusukuma. Nasema haya ili ujue kwamba kuipenda kazi hakukuzuii kuikosoa. Swali likikuambia "tathmini", lina maana hiyo hasa.

Najua pia kuna wanaosema Menma hayupo, ni ndoto za mchana za Jinta. Kwa vipindi vya mwanzo hoja hiyo inasimama. Hata Jinta mwenyewe anadhani ni joto na mawazo yake. Lakini Menma anaandika katika shajara, na wenzake wanaona maandishi. Baada ya hapo anayeshikilia kwamba ni ndoto hana ushahidi. Sema mbinu inayotumika ni fantasia, kisha eleza inachofanya: inaipa hatia mwili wa kuzungumza nao.

Sasa niseme lile ambalo si la mtihani. Katika Fasihi Simulizi umefundishwa mbolezi. Unajua sifa zake, unajua wanaoziimba na wakati wa kuziimba. Jamii zetu hazikuwaacha wafiwa wajikaze kimya. Waluo wana tero buru, ambapo watu hutoka kwa kelele na mifugo kukifukuza kifo. Waislamu wa pwani hukutana tena siku ya arubaini. Kuna matanga, kuna michango, kuna wazee wa kusema. Lakini tazama nani aliyeachwa nje ya utaratibu huo wote: mtoto aliyefiwa na rafiki. Si wa ukoo, kwa hiyo hana kiti mbele. Hanyolewi, hapewi pole, haulizwi. Huambiwa "jikaze" na kengele inalia. Watoto wa Chichibu nao hawakuimba mbolezi yoyote. Ndipo ikawachukua miaka hiyo yote na mzuka mmoja.

Katika shule moja niliyowahi kufundisha, mwanafunzi wa kidato cha pili alifariki wakati wa likizo. Muhula ulipofunguliwa dawati lake lilikuwa limekwisha kuondolewa, na jina lake limeruka kwenye rejista. Nia ilikuwa njema; walitaka wenzake wasihuzunike. Kwa muhula mzima darasa lile liliandika insha zilizojaa wahusika wanaohama, wanaopotea, wanaosahaulika vituoni. Hakuna swali nililotoa lililohitaji jambo hilo. Sikuwahi kusoma insha zenye ushahidi mwingi kiasi kile wa kitu ambacho hakijatajwa.

Kwa hiyo unaporudi kwenye vitabu teule wiki hii, chukua msiba mmoja ulio humo. Usianze na aliyekufa. Chagua mmoja kati ya waliobaki, ikiwezekana yule anayechekesha au yule aliyefaulu, na utafute katika maandishi yenyewe anachoficha, anamficha nani, na ni tendo gani linalomfichua. Andika ukurasa mmoja kwa dakika thelathini na tano, saa ikiwa mezani, kisha umpe mwenzako asahihishe. Mwambie akate kila sentensi inayosema tu kwamba mhusika ana huzuni.